Kabla ya Kuizima Singeli, Isikilizeni

Mavuno yakishaingia ghalani na msimu wa harusi kuanza, swali moja hurudi katika vikao vya halmashauri za walei huku kwetu Tabora: DJ apige nini katika ukumbi wa parokia? Mzee mmoja atasema zipigwe kwaya tu mpaka saa nne usiku, kisha watu watawanyike. Mama wa WAWATA atasema vijana nao ni watu, waachwe wacheze. Katikati ya maneno hayo litatajwa jina la singeli, na hapo kikao hugawanyika. Paroko hutazamwa. Mara nyingi naye hana jibu, kwa sababu muziki wenyewe ameusikia kwa mbali tu, ukipita barabarani na bodaboda.

Ninaandika kama mwandishi wa habari za muziki, si kama mwanateolojia. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa karibu na spika kuliko inavyoshauriwa na daktari, na kuuliza: nani ametengeneza mdundo huu, kwa chombo gani, na nani amelipwa? Nawaandikia hasa ninyi mafrateri, maana baada ya miaka michache swali hilo la ukumbi litakuwa juu ya meza zenu. Msimamo wangu nautaja mapema. Muziki wa dansi wa kielektroniki, singeli ikiwemo, hauna hatia kwa kuwa umetengenezwa kwa umeme, wala kwa kuwa una kasi. Unayo makosa mengine, nami sitayaficha. Lakini tukiuhukumu kwa kosa lisilo lake, vijana watatambua mara moja kwamba hatukuusikiliza, na siku tutakapotaka kusema juu ya kosa la kweli hatutakuwa na masikio ya kutusikia.

Tuanze na muziki wenyewe. Singeli ilikua Dar es Salaam, katika mitaa ya uswahilini kama Manzese, Tandale na Mburahati, kuanzia miaka ya 2000. Mzazi wake ni mchiriku, muziki wa vijana uliotokana na ngoma za Kizaramo. Vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwa wenzetu hununuliwa kama zawadi ya mtoto, wakavipitisha kwenye vikuza sauti chakavu mpaka sauti ikakwaruza, na mkwaruzo huo wakaupenda. Kundi la Jagwa Music ndilo lililojulikana zaidi nje ya nchi. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na kampuni ya Ubelgiji mwaka 2012. Kisha ikaja kompyuta. Prodyuza alichukua kipande kifupi cha taarabu, labda zile sekunde chache za kinanda na ngoma kabla mwimbaji hajaingia, akakizungusha kijirudie, akakiongezea kasi mpaka asiyejua asikitambue tena, na mshika maiki akaghani juu yake. Mapigo hupita 200 kwa dakika kwa kawaida, na baadhi ya nyimbo hukaribia 300. Muziki wa house wa Chicago, kwa kulinganisha, hutembea kwenye mapigo 120 hadi 130 hivi.

Majina ya Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila mnayajua kwa sababu redio inayapiga. Lakini kuna upande wa pili ambao redio zetu haziupigi sana, nao ni wa waunda midundo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo ulioitwa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso iliyopo Mburahati. Tangu hapo vijana kama Bamba Pana, Jay Mitta na baadaye DJ Travella wamepanda majukwaa ya Ulaya, na waandishi wenzangu wa huko wakaandika kwamba huo ni miongoni mwa muziki mpya kabisa duniani. Nacheka kidogo ninapoyasoma. Kitu kilichoitwa kelele za wahuni Manzese kimepata heshima baada ya kupewa muhuri Berlin.

Chicago nimeitaja kwa makusudi. Mwaka 1980 kampuni ya Kijapani ya Roland ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808, ili mwanamuziki asiye na mpiga ngoma apate wa kumsindikiza anaporekodi wimbo wa majaribio. Wanamuziki wengi waliiona ina sauti ya bandia. Haikuuzwa vizuri, ikaacha kutengenezwa baada ya miaka michache, na zilizokuwepo zikaishia katika maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya kutupa. Waliozinunua ni vijana weusi wa Chicago na Detroit waliokuwa na fedha kidogo. Kutokana na mashine hizo na nyingine za aina yake wakajenga house na techno, na waimbaji wengi wa house walikuwa wamelelewa katika kwaya za makanisa. Mwenye kiwanda alikusudia chombo kiige ngoma halisi. Aliyekiokota akakifanya kiseme kitu ambacho ngoma halisi haiwezi. Kinanda cha Casio pale Tandale kilipita njia hiyohiyo, na hakuna kijana wa Tandale aliyehitaji kufundishwa na Chicago.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Dar es Salaam, sisi watu wa bara yanatuhusu nini. Hoja hiyo Tabora haisimami. Mji huu umekuwepo kwa sababu vitu hupita. Burton na Speke walipofika hapa mwezi Novemba 1857, wakati ule wakiuita Kazeh, walikuta soko linaloishi kwa misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, walipita njia hiyohiyo mwaka 1878. Mizigo yote hiyo, ya pembe, ya nguo, ya shanga, na ya vifaa vya ibada pia, ilibebwa mabegani, na sehemu kubwa ya mabega hayo yalikuwa ya Wanyamwezi. Msafara haukwenda kimya. Mbele alitangulia kirangozi, ngoma na baragumu vikalia, mmoja akianzisha wimbo na mstari mzima ukiitikia, ili miguu ishike mwendo mmoja na mzigo usahaulike kidogo. Wakifika kambini, miguu iliyotembea kutwa nzima ilicheza tena usiku. Mkulima wa bugobogobo naye anajua jambo hilo: jembe hupanda na kushuka kwa ngoma, na ngoma ikiongeza kasi shamba hupungua. Hivyo mtu akiniambia kwamba mdundo unaojirudiarudia ni upumbavu wa mashine, namwomba akumbuke kirangozi. Marudio ndiyo yaliyofikisha mizigo Ujiji.

Njia ile ilileta pia muziki wa wengine, na watu wa hapa hawakuuacha kama ulivyokuja. Beni ilianzia miji ya Pwani mwishoni mwa karne ya 19, watu wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu kwa matarumbeta, vyeo na magwaride. Askari, makarani na baadaye garimoshi, lililofika Tabora mwaka 1912, waliisambaza bara. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi na ngoma, na mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wakoloni waliishuku beni, na wamisionari wengi waliishuku zaidi: ilikuwa ya kigeni mno, tena ya kienyeji mno, yote mawili kwa pamoja. Lawama hizo mbili ndizo singeli inazotupiwa leo.

Kisha likaja gitaa la umeme. Kizazi cha wazee wanaokaa leo katika halmashauri za walei kilikulia katika mji wa Kiko Kids ya Salum Zahoro, wa Nyanyembe Jazz, na wa Tabora Jazz iliyotamba kwa mtindo wake wa segere matata na kwa sauti ya Shem Karenga. Waliohamia Dar es Salaam kutoka mikoa hii ndio walioanzisha Western Jazz, wenye saboso yao. Muziki huo ulikuwa na rumba ya Kikuba iliyopitia Kongo, magitaa ya kiwandani na spika za umeme. Leo tunauita zilipendwa, tunaulilia, na mzee anayedai kwamba spika imeharibu vijana alimchumbia mkewe mbele ya spika. Nasema hivyo kwa heshima yote. Wapo walionisimulia wenyewe, tena kwa furaha.

Hata ushindani wa ma-DJ si mgeni huku. Katika ngoma za Wasukuma, ambao ni ndugu za Wanyamwezi kwa lugha na kwa mila, vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Mtindo umeanza kuzorota upande mmoja, umati unahamia upande wa pili, kimya kimya. Mtu anayeweza kuusoma umati namna hiyo na kubadilisha ngoma kabla haujaondoka ana ujuzi uleule ambao DJ mzuri huuza kwa bei kubwa London. Na leo waimbaji wa Kisukuma kama Nelemi Mbasando na Bhudagala wanarekodi studioni kwa midundo ya kompyuta, na nyimbo zao zinatembea kwenye simu na flashi kutoka Shinyanga mpaka Tabora na Katavi bila kusubiri ruhusa ya redio ya Dar es Salaam. Kama kuna muziki wa kielektroniki wa magharibi mwa Tanzania, ni huo. Kwa masikio yangu mengi ya hayo ni mazuri, mengine yametengenezwa kwa haraka mno, lakini lugha imebaki na mafumbo yake yamebaki.

Nije sasa kanisani, kwa sababu hapa ndipo nina neno ambalo huenda lisipendeze. Mwaka 1903 Papa Pius X, katika Tra le sollecitudini, alikataza piano kanisani pamoja na vyombo vya kelele, na ngoma aliitaja kwa jina. Mapadre wetu wa kwanza walifundishwa chini ya agizo hilo. Ilichukua watu wenye subira kulifungua. Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu kabla ya Mtaguso, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Padre David Clement wa Bujora alizichukua nyimbo na ngoma za Kisukuma kwa uzito ambao wengi wa wenzake hawakuutarajia. Mwaka huohuo wa 1963 Mtaguso, katika Sacrosanctum Concilium, ukasema wazi kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba vyombo vingine vinavyofaa vinaweza kuingia. Leo ngoma iko kando ya altare na hakuna anayeshtuka.

Sisemi singeli ipigwe kwenye Misa. Musicam Sacram ya mwaka 1967 inakataza katika liturujia vyombo ambavyo watu wote wanavijua kuwa ni vya burudani tu, nami naona ni busara. Mahali pa ibada pana mwendo wake. Mjadala wangu ni wa ukumbini, wa sherehe ya kipaimara, sendofu na jubilei.

Lakini kwa kuwa tumeingia kanisani, hebu tukitazame kinanda chetu. Parokia nyingi sasa zina kinanda cha umeme chenye midundo iliyowekwa na kiwanda. Mpiga kinanda anabonyeza kitufe kimoja, na ngoma, gitaa la besi na matoazi vinaanza vyenyewe: bosanova, rege, wolzi, chochote alichopanga mhandisi wa Japani. Mtunzi wa Tabora anatunga wimbo wenye lafudhi ya Kinyamwezi, kisha unapigwa juu ya mdundo ambao hakuna Mnyamwezi aliyeuwaza. Mpiga ngoma aliyekuwa akikaa upande wa kushoto wa kwaya anaambiwa apumzike, na baada ya mwaka haji tena. Hapa ndipo mashine imemshinda mtu, jamani, wala si Mburahati. Yule kijana wa singeli amekaa usiku kucha akiukata mdundo wake mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa kompyuta iliyokufa betri. Sisi tumechukua mdundo wa dukani bila hata kuubadilisha kasi. Ukinilazimisha niseme upi kati ya hiyo miwili ni muziki wa mashine, nitasema ni ule unaoitikiwa na kwaya yenye sare.

Sasa makosa ya kweli ya singeli. La kwanza ni maneno, na hapa sina mzaha. Zipo nyimbo ambazo kumsema mwanamke kwa namna ya kumdhalilisha ndiyo shughuli yake yote, na MC huongeza mengine papo hapo kadiri usiku unavyokwenda. Serikali ilipoizuia video ya wimbo wa Chura wa Snura mwaka 2016, hoja ilikuwa namna miili ya wanawake ilivyoonyeshwa. Hakuna aliyeipima kasi ya mdundo. Huo ndio uwanja sahihi wa mabishano. La pili ni saa. Vigodoro vya kukesha vinawaweka watoto wa darasa la tano barabarani saa nane usiku, na wazazi wanaojua hivyo wamelala. La tatu ni sauti kubwa: spika mbili kubwa zikiwekwa kwenye ukumbi mdogo wenye bati, hakuna anayesikia muziki, watu wanasikia bati.

La nne halizungumzwi sana, nalo ni la haki. Singeli imejengwa juu ya vipande vya taarabu ambavyo kwa kawaida wapigaji wake hawakuombwa wala hawakulipwa. Kisha yenyewe ikanakiliwa kwenye flashi bila mtengenezaji kulipwa. Anayeimba anajulikana, aliyeunda mdundo hajulikani, na jirani anadhani hana kazi. Tunafundisha mafundisho ya jamii juu ya ujira wa mfanyakazi. Sijasikia hata mara moja kikao cha harusi kikiuliza kama wimbo utakaopigwa umelipiwa. Ndiyo, najua ni swali la kuchekesha. Miaka arobaini iliyopita hata kuuliza kama mwalimu wa kwaya analipwa kulichekesha.

Kuhusu kupiga marufuku, jirani zetu wametupa mfano. Tamasha la Nyege Nyege huko Jinja lina jina linalomtia haya Mswahili, ingawa kwa Kiganda neno hilo humaanisha hamu ya ghafla ya kucheza. Tafsiri hiyo nimeieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mwezi Septemba 2018 waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, ambaye alikuwa padre kabla ya kuingia siasa, alitangaza kulizuia. Siku chache baadaye likaruhusiwa kwa masharti, likafanyika. Mwaka 2022 Bunge nalo likataka lizuiwe. Nalo likafanyika kwa masharti. Kila zuio liliwapa waandaaji tangazo la bure. Masharti yale, ya umri na ya ulinzi, ndiyo yangeweza kuzungumzwa tangu mwanzo, mezani, bila kelele.

Kwa hiyo ukumbini ningeomba mambo ya kawaida kabisa. Paroko au mwakilishi wake akae na DJ wiki moja kabla, wazipitie nyimbo, zile chafu zitoke na nyingine zibaki. Singeli ipewe saa yake, tuseme kuanzia saa mbili mpaka saa nne, wakati watoto na bibi zao bado wapo, kwa sababu muziki unaopigwa mbele ya bibi hujirekebisha wenyewe. Bei ya ukumbi iwe na sharti la sauti. Na kama VIWAWA wa parokia wana kijana mmoja anayejua kuunda midundo, apewe chumba chenye umeme mchana na kazi ya kufanya. Nimeona chumba cha namna hiyo katika mji mwingine. Kilikuwa stoo ya viti vibovu, kikawa studio kwa gharama ya kompyuta moja iliyotumika na magodoro mawili ya kuzuia mwangwi.

Kazi ya kumpa iko tayari. Wapo bado, katika vijiji vya Uyui, Sikonge na Urambo, wapiga ngoma wazee ambao mikono yao inajua midundo isiyo kwenye kinanda chochote. Wengi hawajarekodiwa, na kila msimu wa mvua anaondoka mmoja. Mafrateri mnarudi vijijini likizo, simu yenye kinasa sauti iko mfukoni. Mketishe mzee kivulini, arekodi ngoma moja moja, kwanza kubwa peke yake, kisha ndogo peke yake, kisha zote pamoja, na aseme kila mdundo unaitwaje na unapigwa lini. Mwombeni ruhusa, andikeni jina lake, na mkubaliane atapata nini zikitumika. Zikimfikia yule kijana wa stoo, sina shaka ataziongezea kasi. Mzee atalalamika. Wakae wote wawili wabishane, na kinasa sauti kiachwe kimewashwa.